Wajina wa Bibi Hellena

Ulezi wa Ufipa una mchanga. Hilo hata mtoto analijua. Unakatwa shambani, unapurwa kwenye uwanja wa udongo, unapepetwa siku upepo ukiwa mzuri, na hata ukipepeta mpaka mabega yakatae, chembe za mchanga zinabaki humo humo zikijifanya punje. Watu wengi wanakula uji wao hivyo hivyo. Wakisikia kitu kimelia kwenye jino wanameza haraka na kuendelea na maongezi.

Kalista hakuwa mtu wa kumeza haraka. Kila Jumanne asubuhi, nyumbani kwake Kizwite, baridi ikiwa bado inauma vidole, alitoa mabeseni manne akayapanga uani. Alimwaga maji juu ya ulezi, akazungusha beseni taratibu kama anayembembeleza mtoto, halafu akamimina. Ulezi ulikwenda na maji kwenye beseni la pili, mchanga ukabaki chini ya la kwanza. Kisha la tatu. Kisha la nne. Akimaliza aliukusanya mchanga wote kwenye kopo, akauangalia kwa muda kama mtu anayemwangalia mwizi aliyekamatwa, ndipo akaumwaga nje ya uzio.

Kazi hiyo alifundishwa na bibi yake, Bibi Hellena, aliyemlea katika kijiji cha upande wa Mpui. Kalista aliishia darasa la saba. Akaolewa na Alois, fundi wa kujenga, wakahamia mjini, na bibi naye akaja na mbuzi mmoja na kigoda chake, akasema amekuja kusalimia. Huu ni mwaka wa tisa, bado anasalimia.

Mwanzoni Kalista aliuza unga kwa kopo, kwa majirani. Ukapendwa. Nesi mmoja aliyekuwa akinunua kwa ajili ya mwanawe alimwambia, "Dada, weka jina. Nikimtuma mtu dukani amtaje nani?" Kalista akafikiri siku nzima, kisha akaenda Majengo kwa Stanley, kijana mwenye stationari, akiwa na picha ya bibi aliyoipiga kwa simu. Zikatoka lebo nzuri za rangi ya udongo: bibi katikati na kilemba chake, na maneno UNGA WA BIBI HELLENA yamempitia juu kama upinde.

Bibi alipoonyeshwa mfuko wa kwanza aliusogeza mbali, akausogeza karibu.

"Hapa nimezeeka."

"Bibi, una miaka themanini na mitatu."

"Ndiyo, lakini si kila siku."

Ndivyo ulivyoingia madukani. Duka lililouchukua zaidi lilikuwa la Felisian pale Majengo, karibu na wanapopakia mizigo ya kwenda vijijini. Ulikaa rafu ya katikati, kati ya sukari na majani ya chai, na mwaka wa pili ulikuwa hauhitaji kuelezwa. Watu walikuja wakasema, "Nipe Hellena mbili," basi.

Sasa, siku moja ya mwezi wa saba, Felisian alimpigia Kalista simu, akamwambia afike dukani, asitume mtu.

Kalista alimkuta amesimama nyuma ya meza, mikono kifuani.

"Mama Faith," alisema, maana Faith ndiye kifungua mimba wa Kalista, "siku hizi unasaga na barabara?"

"Barabara gani tena, kaka?"

Felisian akamwaga unga kidogo kwenye karatasi nyeupe, akausambaza kwa kidole. Kalista akainama. Mchanga. Si chembe moja, si mbili.

"Wateja watatu wameurudisha. Mmoja ni mwalimu, kaniletea na jino."

"Jino?"

"Kipande. Kakifunga kwenye karatasi kama dawa."

Kalista aliuchukua mfuko, akaugeuza. Lebo ilikuwa ile ile, bibi yule yule na kilemba chake. Lakini mdomo wa mfuko ulikuwa umefungwa kwa uzi mweusi.

"Huu si wangu. Mimi nabana kwa mashine, sifungi kwa uzi."

"Kaleta Mama Timoth. Kasema mnashirikiana."

"Tunashirikiana kuimba kwaya!"

Felisian hakucheka. Alivuta ngazi yake ndogo, akaanza kushusha mifuko, ya uzi na ya mashine pamoja, akaipanga sakafuni.

"Nisikilize, Mama Faith. Mteja wangu haangalii uzi. Anaangalia Hellena. Akivunjika jino, Hellena kamvunja. Mimi naitoa yote mpaka mniambie hilo jina ni la nani. Na sitaambiwa kwa mdomo, nataka karatasi."

Akasogeza sukari na majani ya chai vikakutana. Kalista alisimama akiangalia pale palipozibwa. Miaka miwili ya mabeseni manne, na nafasi yake ilizibwa kwa kusukuma sukari kwa kiganja kimoja tu.

Hakwenda nyumbani. Alipitia kwanza kwa Cornelia, huyo Mama Timoth, nyumba ya tatu kutoka kwake. Wanakaa jumuiya moja, wanaimba sauti ya kwanza wote wawili, na sufuria zao zimeazimana mpaka haijulikani ipi ya nani. Cornelia alikuwa uani, ulezi wake umeanikwa juu ya turubai lenye matundu, kuku wawili wakipita katikati bila haraka.

"Karibu, Mama Faith. Mbona uso hivyo, umeng'atwa?"

"Mama Timoth, lebo zangu umezitoa wapi?"

"Lebo zako?" Cornelia alisimama, na ajabu ni kwamba hakuwa na dalili yoyote ya aibu. "Mimi sijaiba. Niliomba, na niliomba kwa adabu. Nilikwenda na chumvi na mche wa sabuni, nikapiga magoti kwa Bibi mwenyewe. Nikamwambia, Bibi, nami nina unga wangu, naomba niupe jina lako. Akanishika mikono, akacheka, akasema chukua, mwanangu. Wewe ulikuwa umekwenda mashineni kusaga."

"Na Stanley?"

"Nilimpelekea mfuko wako mtupu. Akasema, ah, huyu bibi ninaye kwenye kompyuta. Akanitolea mia mbili. Hakuniuliza kitu."

Kalista alitaka kukasirika, akakuta hasira haina pa kushika. Ile sabuni alikuwa amefulia nguo za Alois wiki nzima. Chumvi ilikuwa kwenye mboga ya jana.

Ili uelewe, ni lazima umjue Bibi Hellena na jina lake. Kule kijijini, mtu akikuomba jina ampe mwanawe, hukatai. Ni heshima umepewa. Huyo mtoto anakuwa wajina wako, analetwa umwone, unamtemea baraka, na siku akikuudhi unasema, "Wajina, usiniaibishe." Bibi Hellena alikuwa na wajina kumi na mmoja. Aliwahesabu kwa vidole, vikiisha anahamia kwenye vifundo vya kanga. Hajawahi kumnyima mtu, na jina lenyewe halikupungua hata kidogo. Kwa hiyo Cornelia alipopiga magoti, bibi alisikia kitu kimoja tu: wajina wa kumi na mbili.

Kalista alirudi nyumbani, akamkuta bibi akichambua maharage juani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mume wetu hajambo huko kwenye matofali?"

"Hajambo. Bibi, umempa Cornelia jina lako?"

"Nimempa. Kaomba vizuri kuliko wewe. Wewe uliniambia lebo zikiwa zimeshatoka."

"Lakini, Bibi, kapeleka unga wenye mchanga. Felisian kanishushia mifuko yote."

"Basi mwambie auoshe."

"Na jina?"

Bibi akaacha maharage, akamwangalia kama anayemwangalia mgeni. "Jina limeshatolewa. Mtoto akishabatizwa unarudi kanisani kumfuta? Hapana, mwanangu. Mimi sijawahi kumnyang'anya mtu jina, sitaanzia uzeeni."

Kesho yake Kalista alikwenda manispaa, kwa afisa biashara aliyeitwa Valeria, dada mwenye miwani na sweta zito, aliyekuwa akinywa chai kwa mikono miwili ili apate joto. Kalista akamsimulia yote, pamoja na sabuni.

"Hilo jina umeliandikisha?" Valeria aliuliza.

"Nimeliandika kwenye mfuko."

Valeria akacheka, ila si kwa ubaya. Akasogeza kikombe. Akamweleza kwamba mtu kuwa na leseni ya kuuza ni jambo moja, na jina na picha vya kwenye mfuko ni jambo jingine. Hivyo vinaitwa alama ya biashara, vinaandikishwa BRELA, kwa wasajili wa biashara wa serikali, na maombi yanatumwa kwa kompyuta, hata hapo hapo ofisini angeweza kumsaidia kujaza. Maombi yakipita yanatangazwa, ili mwenye pingamizi ajitokeze, na asipojitokeza mtu, unapewa cheti.

"Risiti za Stanley za lebo za kwanza unazo? Na picha za zamani za mifuko? Vyote vitunze, vinaonyesha ulianza lini. Na mwambie Stanley hiyo kazi ni yako, asimtolee mtu mwingine. Wewe ulimpa picha, ukamlipa, hukumwambia neno, naye akaona ni mali ya dukani kwake."

"Nitamwambia leo leo."

"Sasa kuna hili." Valeria aliichukua lebo, akagonga kilemba cha bibi kwa kucha. "Huyu yuko hai?"

"Sana."

"Basi tunataka ridhaa yake kwa maandishi, kwa sababu ni jina lake na ni sura yake. Aseme anakuruhusu wewe, aweke sahihi au dole gumba."

"Na kama kamruhusu na mwingine?"

Valeria akaweka kikombe chini. "Dada, huyo mwingine naye anaweza kukaa kwenye hicho kiti ulichokalia, kesho asubuhi. Mtalifikisha BRELA mkigombana. Bora myamalize nyumbani kwanza."

Kwa hiyo kazi yote, mabeseni, rafu ya Felisian, na jina lenyewe, vilikuwa vimekaa kwenye kidole gumba kimoja cha bibi mmoja, na huyo bibi hataki.

Kalista alijaribu siku tatu. Alimpikia bibi samaki wakavu wa ziwani, wa Wampembe, kwa karanga. Bibi akala, akashukuru, akasema jina limeshatolewa. Alimweleza habari za alama ya biashara, bibi akasikiliza mpaka mwisho, akauliza hao wa kompyuta wana wajina wangapi. Alois alijaribu naye, akafukuzwa kwa bua la mahindi, wote wakicheka.

Siku ya nne, Kalista akiwa anamimina beseni la tatu, mkono ulisimama. Kama unga wa Cornelia ni mtoto aliyepewa jina, mbona hajaletwa kuonwa?

Akafuta mikono, akaenda moja kwa moja nyumba ya tatu.

"Mama Timoth, umeomba jina, na mtoto hujamleta. Desturi unaijua."

Cornelia akashika mdomo. "Yesu wangu, kweli! Na Bibi hajanisema?"

"Anakusubiri. Jumamosi baada ya jumuiya, uje na unga wako. Nami nitapika wangu, aone ndugu wawili pamoja."

Jumamosi Cornelia alikuja amevaa kitenge kipya, ametandika kitambaa juu ya bakuli. Yaani alikuja kweli kweli, kama wa ubatizo. Uji ulipikwa uani, sufuria mbili, meko mawili. Bibi alikaa kwenye kigoda, kilemba kipya kichwani, naye akawa mkubwa wa sherehe.

Alianza na uji wa Kalista. Akanywa, akatikisa kichwa, akapitisha ulimi. "Huyu namjua."

Akapokea bakuli la Cornelia, akalibariki kwanza, akanywa funda kubwa.

Wote watatu walisikia. Krap.

Bibi hakumeza. Aliingiza kidole, akatafuta taratibu, akatoa kitu, akakiweka kwenye kiganja na kukielekeza juani.

"Huyu ndiye wajina wangu?"

"Bibi, ni kidogo tu," Cornelia alisema.

"Ni kidogo. Lakini nina meno sita, mwanangu, na amekwenda kulitafuta lile zuri."

Kalista aliuma kanga yake asicheke. Cornelia naye akataka kucheka, kicheko kikageuka, macho yakajaa maji. Akakaa chini kando ya meko.

"Maji yalikatika wiki ile," alisema. "Nikaona nioshe mara moja tu, au nisioshe kabisa. Nilidhani kinachouza ni jina."

"Linauza kwa sababu ya mabeseni," Kalista alisema. Hakusema kwa ukali. "Watu hawajui sura yangu, Mama Timoth. Hawajui mikono yangu inavyokufa ganzi Jumanne. Wanachojua ni hilo jina. Likiharibika sina kingine cha kuwaonyesha."

Bibi alikuwa bado anaangalia ile chembe.

"Nimeaibika," alisema mwisho. "Mwalimu wa watu kavunjwa jino na mimi. Lakini jina nimeshampa. Kunyang'anya siwezi."

Hapo Kalista akavuta kigoda kingine, akakaa karibu naye kabisa.

"Bibi, yule mtoto wa Benjamini kule kijijini, aliyekuwa akiugua kila mwezi. Alikuwa anaitwa nani mwanzo?"

"Si Hellena? Wajina wangu wa saba. Jina lilimkataa. Homa, tumbo, homa, tumbo. Tukambadilisha, tukamwita Angela, hata mwezi haukuisha akawa mzima. Sasa hivi mnene kama gunia la mahindi."

"Kwa hiyo mlimnyang'anya?"

"Nani kamnyang'anya! Mtoto anayeugua anapewa jina jingine ili a..."

Bibi akamwangalia Kalista. Akaangalia bakuli la Cornelia. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha kifuani kinachomtikisa mpaka kilemba, akampiga Kalista begani kwa nguvu ambazo mtu wa miaka themanini na mitatu hakutakiwa kuwa nazo.

"Mke mwenzangu! Wewe ungekaa mahakamani wewe! Cornelia, inuka, mama. Mwanao anaumwa mchanga. Jina langu limemkataa. Tumpe jingine apone."

Cornelia akajifuta macho kwa kitenge kipya. "Jina gani, Bibi?"

"La kwenu. Bibi yako wewe aliitwa nani?"

"Kristiana. Lakini, Bibi, yule alikuwa mkali mno. Alikuwa anachapa mpaka wageni."

"Safi! Kwake hakuna mchanga utakaothubutu kukaa."

Wakacheka wote, na uji wa Kalista ukamalizwa. Ule mwingine walipewa kuku, nao ndio waliozoea kokoto.

Cornelia alirudi kwake akaleta lebo zilizobaki, fungu zima limefungwa kwa raba. Alipozikabidhi alisita.

"Mama Faith, hiyo kuosha. Utanionyesha?"

Moyo mmoja ulimwambia Kalista, kaa kimya, kila mtu na beseni lake. Lakini kuosha hakukubuni yeye. Bibi alifundishwa na mama yake, naye huyo na mwingine. Lingekuwa jambo la kuchekesha kuiwekea kufuli kazi hiyo.

"Njoo Jumanne. Uje na mabeseni yako, manne."

"Na ile harufu ya unga wako, ile tamu tamu inayobaki puani? Unatia nini?"

"Hiyo," Kalista alisema, "ni yangu."

"Haya, haya! Nimekoma."

Jumatatu Bibi Hellena alipanda bajaji kwa mara ya kwanza, akamwamuru dereva apite polepole mbele ya kanisa ili aonekane. Manispaa Valeria alimsomea karatasi ya ridhaa neno kwa neno. Bibi akasikiliza amefumba macho.

"Nina swali, mwanangu. Mtu akija kuniomba jina ampe mwanawe, nitamkatalia?"

"Hapana, Bibi. Mtoto mpe. Hata kumi wape. Hii inahusu unga tu."

"Basi leta wino."

Akabonyeza dole gumba kwa nguvu hata karatasi ikakunjamana, akalinyanyua, akalitazama, akasema hilo ni zuri kuliko picha. Valeria akajaza yaliyobaki kwenye kompyuta, akatuma, akachapa uthibitisho kwamba maombi yamepokelewa. Akawakumbusha kuwa cheti bado, ni lazima yachunguzwe kwanza, kisha yatangazwe, watu wapewe muda wa kupinga.

"Wa kunipinga mimi?" bibi aliuliza. "Ni nani huyo?"

Kutoka pale walipitia Majengo. Felisian aliisoma karatasi mara mbili, akaipiga picha kwa simu yake, akavuta ngazi. Sukari ikasukumwa huku, majani ya chai yakasukumwa kule. Mifuko ya mashine ikapanda mmoja mmoja, kilemba baada ya kilemba. Aliposimuliwa ya Jumamosi, kwenye rafu ya chini akaacha nafasi nyembamba, akasema ni ya Kristiana, akishapona.

Bibi alisimama mbele ya rafu ameegemea bakora, akijiangalia mara ishirini na nne. Wateja wawili wakamtambua, wakaanza kusukumana kwa viwiko. Yeye akajifanya hajawaona, ila alinyoosha kilemba.

"Felisian, baba."

"Naam, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Nipandishe juu kidogo. Hapo mtu mrefu ananipita bila kunisalimia."